Mfereji Mgonjwa wa Bi Karani

Saa nne asubuhi, jua lilipoanza kuyapiga sawasawa mabati ya mtaa wa juu, mwanamume mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi saa mbili asubuhi hiyo hiyo alisimama barabarani, akatua ngazi yake chini, akatega sikio. Kwenye nyumba iliyokuwa mbele yake mfereji wa maji ya mvua ulikuwa unalia. Ta. Kimya kidogo. Ta, ta. Wenyeji wa mtaa huo walikuwa wameuzoea mlio huo kama mtu anavyozoea kukoroma kwa mwenzake, hata hawakuusikia tena. Yeye aliusikia, na moyo ukamwambia kwamba hapo pana riziki.

Aliyemfukuza alikuwa fundi bati mmoja mzee, hodari wa mikono na maskini kwa sababu ya ukweli. Fundi huyu hakuwahi kumfungia mtu mfereji wa alumini kabla ya kumweleza kasoro zake. "Ni mwepesi, na haulikwi na kutu kama chuma," angesema, "lakini ukiuegemezea ngazi, unabonyea. Jua likiupiga unatanuka, baridi ikija unasinyaa, kwa hiyo utalia, na viungio vitaachia. Usipozoa majani utalemewa na kupinda. Misumari ya chuma haupatani nayo. Na rangi yake itapauka. Sasa, nikufungie?" Wateja wengi walisema ngoja tufikirie, wakaenda kufikiria kwa mafundi wenye midomo mitamu.

Mtu wetu alikaa na fundi miezi mitatu. Hakujifunza kukunja bati, hakujifunza kuziba kiungio, ila zile kasoro alizihifadhi zote kichwani bila kuacha hata moja. Mzee alipochoka naye alimwambia, "Mwanangu, mikono yako imelala, lakini ulimi haujapumzika tangu uje hapa," akampa ngazi kuukuu iwe ndiyo kiinua mgongo. Vichwa vya ngazi hiyo vilikuwa vimeviringishwa matambara, visije vikabonyeza mifereji ya watu.

Basi pale barabarani mtu wetu aliinama, akayafungua yale matambara, akayatupa mtaroni.

Katika siku mbili alikuwa amekamilika. Alinunua koti jeupe mitumbani, ambalo zamani lilikuwa la muuza nyama na bado lilikuwa na doa mfukoni. Alichonga mhuri wa mpira wenye neno IMEPIMWA. Alijikatia kipande cha mpira wa kumwagilia maua, upande mmoja uwekwe sikioni na upande wa pili kwenye mfereji. Akajiita Daktari wa Paa. Msaidizi wake akawa shemeji yake, kaka wa mkewe, seremala aliyekosa kazi. Huyu ungeweza kukaa naye juma zima usimsikie akisema zaidi ya "sawa, shem."

Nyumbani kwa Daktari hakukuwa na mfereji wowote. Wahenga walisema mganga hajigangi, na huyu hakutaka kuwaaibisha wahenga. Kila mvua iliponyesha, maji yalimwagika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi kizingitini. Ukuta wa mbele ulikuwa umeliwa chini, na mkewe alikuwa akipita juu ya ubao kuingia kwake mwenyewe.

"Baba watoto," mkewe alimwambia jioni ile alipomwona na koti jeupe, "sasa umekuwa daktari?"

"Wa mapaa."

"Vizuri. Basi kuna mgonjwa hapa tangu mwaka juzi."

"Mke wangu, subira. Kazi hii ikikaa sawa—"

"Subira nimeila mpaka imeniisha mdomoni." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Daktari. "Masika hayako mbali. Mvua ya kwanza ikinikuta hapa sina mfereji, ya pili itanikuta kwa mama. Mimi, watoto na masufuria yangu. Kaka atanibebea mizigo. Si ndiyo, kaka?"

Shemeji alikuwa anakula. Alimeza kwanza. "Sawa," akasema.

Daktari alicheka, lakini usingizi ulimpaa. Hili tusimnyime: alikuwa anampenda mkewe, na alijua kwamba mwanamke yule hajawahi kusema neno akalirudisha. Akajiapia kwamba kabla ya masika angekuwa amepata cha kumfungia mifereji mizuri kuliko ya mtu yeyote. Kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa kuapa kuhusu mwisho wa mambo na kusahau mwanzo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Meneja Mstaafu, mtu mwenye tumbo la heshima na tai aliyoivaa hata akiwa anamwagilia bustani. Daktari aliegemeza ngazi kwenye mfereji kwa nguvu kidogo, akapanda, akasikiliza kwa mpira wake, akashuka akitikisa kichwa.

"Mheshimiwa, nani aliwafungia mfereji huu?"

"Kwani una nini?"

"Tazama mwenyewe." Alisogeza ngazi. Palipokuwa na vichwa vyake palikuwa na mibonyeo miwili mizuri, umbali wa kama dhiraa moja. "Ngazi tu, mheshimiwa. Ngazi tu imeufanya hivyo. Tawi likianguka itakuwaje?"

Meneja alishika tai.

"Na tusikilize." Ilikuwa saa nne. Jua lilikuwa mahali pake. Ta, ukasema mfereji. Ta, ta. "Huo mlio ni wa kawaida kwenu?"

"Mimi... nilidhani ni mijusi."

"Ni alumini inayotanuka, mheshimiwa. Mchana inavutika, jioni inasinyaa, kila siku ya Mungu. Unadhani viungio vitavumilia mpaka lini?"

Tena ujue, msomaji, hapo hajasema uongo hata mmoja. Mibonyeo ilikuwa ya kweli, mlio ulikuwa wa kweli, na kwenye kiungio cha pembeni kweli palikuwa pameanza kuachia. Uongo wake aliuweka mwishoni, kidogo, kama mtu anayetia chumvi.

"Kuna mifereji ya shaba nyekundu inakuja," akanong'ona. "Kampuni inataka nyumba moja tu katika kila mtaa, iwe nyumba ya mfano. Inafungwa bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Huu mgonjwa tunauondoa leo, tunakwenda kuuteketeza. Lakini sharti ni siri. Majirani wakijua kwamba ni wewe uliyechaguliwa, kijicho hicho utakiweka wapi?"

Meneja alitazama nyumba ya jirani kushoto, akatazama ya kulia, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyechaguliwa. Mifereji ikashuka. Shemeji akaipakia kwenye mkokoteni, nayo ikapelekwa kwenye stoo nyuma ya mashine ya kusaga, ambako iliteketezwa kwa kufungiwa kufuli. Ufunguo Daktari aliuvaa shingoni ndani ya koti. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mtaa wa bondeni ulikuwa umejaa nyumba mpya zisizo na mifereji, na masika yakianza bei ingepanda yenyewe.

Kwa wiki tatu mtaa wa juu uliugua nyumba baada ya nyumba. Ajabu ni kwamba nyumba saba zilivuliwa mifereji, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kulikoni. Kila mmoja alijua ni yeye tu aliyechaguliwa. Wakikutana asubuhi walisemezana kwa huruma.

"Naona jirani umeondoa mifereji."

"Nimepeleka kupakwa rangi. Na wewe?"

"Mimi pia, rangi tu."

Wakaagana, kila mmoja akimcheka mwenzake moyoni.

Nyumba ya nane ilikuwa ya Bi Karani. Mama huyu alikuwa amefanya kazi mahakamani miaka thelathini, kazi yake ikiwa kuandika kila neno lililosemwa na kila mtu, na alistaafu akiwa na penseli nyuma ya sikio ambayo haikustaafu. Alikuwa mjane. Bomba la mtaani lilimletea maji siku mbili kwa wiki, tena kwa kikohozi, kwa hiyo alitegemea tangi lake kubwa la pembeni lililojazwa na mifereji ya paa. Bila mifereji, tangi lilikuwa pambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema taratibu, mwanangu, naandika."

Daktari alishtuka kidogo, kisha akapendezwa. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno yake. Akaegemeza ngazi, ikabonyeza. Akasikiliza, ukalia. Akataja kasoro zote sita kwa sauti ya mhadhiri, naye Bi Karani akaandika zote, akiuliza hapa na pale, "Kupauka au kupauka kabisa?"

Alipofika kwenye shaba nyekundu, penseli ilisimama. Tusimsifu mama wa watu kupita kiasi: shaba ilimwingia naye. Alijiona ameketi barazani, na mifereji yake inang'aa mpaka kwa Meneja. Kilichomwokoa ni mazoea tu.

"Nimekubali," akasema. "Ila nipe cheti."

"Cheti gani, mama?"

"Cheti cha ugonjwa. Mimi sitoi kitu nyumbani kwangu bila karatasi. Andika magonjwa yote sita kwa mkono wako, na uandike mwishoni kwamba mfereji huu haufai kufungwa tena kwenye nyumba ya binadamu yeyote. Mhuri unao?"

Kumuuliza tapeli kama ana mhuri ni kama kumuuliza bibi harusi kama ana hina. Daktari aliandika kwa mwandiko wa kuringa, akapumulia mhuri, akagonga: IMEPIMWA. Bi Karani akakunja karatasi na kuiweka kifuani.

Sasa mambo yangekwenda kama yalivyopangwa kama mkokoteni wenye mifereji ya Bi Karani usingepita bondeni kesho yake mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Mama huyo alikuwa amemaliza nyumba yake mwezi ule ule, kwa jasho la miaka kumi na miwili ya kupinda mapindo ya suruali za watu. Aliinua macho kutoka kwenye mashine.

"Nyie! Hiyo mifereji inauzwa?"

Shemeji alimtazama Daktari. Daktari alikuwa amejiwekea sharti la kungoja mvua. Lakini mnunuzi akikuita mwenyewe, tena mchana kweupe, ulimi kama ule haufungiki.

"Dada, una bahati leo," akasema, na papo hapo mfereji ukapona. "Hii ni alumini. Nyepesi, haiwezi kuelemea paa lako. Chuma kinaliwa na kutu, hii hailiwi. Fundi mmoja anaibeba kwa mkono mmoja. Ukitaka rangi, inapokea."

Hapo pia hakusema uongo. Alumini ilikuwa na mema yake na mabaya yake kama mtu mwingine yeyote, naye alijua tu lipi la kusema kwenye mtaa upi.

"Na hii mibonyeo?"

Alikuwa ameigongagonga kwa nyundo ya mbao. Lakini alumini ikishabonyea hairudi sawasawa, na hilo fundi bati alikuwa amemwambia mara kumi. "Hayo ni maungo ya kupitishia maji, dada. Mtindo mpya."

Fundi cherehani alicheka. "Haya. Ila nipe karatasi. Dada yangu ameniharibu, siku hizi sinunui hata kitunguu bila karatasi."

Mtu mwenye akili angeuliza huyo dada ni nani. Daktari alikuwa na akili nyingi, lakini wakati ule zote zilikuwa kwenye mhuri. Akaandika Cheti cha Uzima, akagonga IMEPIMWA. Fundi cherehani akalipa taslimu, mifereji ikafungwa siku hiyo hiyo, naye kwa furaha akaongeza, "Mlete mkeo nimshonee gauni. Zawadi."

Daktari alirudi nyumbani akiimba. Pesa aliisokomeza mfuko wa ndani wa koti, akajiambia kwamba kesho, au kesho kutwa, angeanza kufikiria mifereji ya nyumbani.

Mkewe alikwenda kupimwa gauni siku ya Alhamisi, akisindikizwa na kaka yake. Alisimama mikono imeinuliwa, futi ya kupimia imemzunguka kiunoni, na macho yake yakapanda hadi kwenye ukingo wa paa. Machozi yakamtoka.

"Nimekubana?" akauliza fundi cherehani.

"Hapana, dada. Natazama mifereji yako. Mume wangu ndiye aliyekufungia hii. Kwangu mimi napita juu ya ubao."

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi dada mkubwa wa fundi cherehani, aliyekuja kupunguziwa sketi. Naye alikuwa anatazama mifereji ile ile tangu aingie, hasa mibonyeo miwili, umbali wa kama dhiraa moja. Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa. Mdogo wake akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa yake. Waliziweka pamoja juu ya kitambaa. Mwandiko mmoja, mhuri mmoja, mfereji mmoja, mgonjwa Jumatatu na mzima Jumanne.

Bi Karani ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akajifuta macho na kumgeukia shemeji aliyekuwa mlangoni.

"Wewe ndiye unayeshika ngazi?"

Shemeji alimtazama dada yake mwenye machozi. Kwa mara ya kwanza mwaka huo alisema maneno mengi mfululizo. "Ndiyo, mama. Na stoo naijua ilipo, ila ufunguo anao yeye shingoni."

Bi Karani akachomoa penseli nyuma ya sikio. "Sema taratibu, mwanangu, naandika."

Wiki iliyofuata, wingu la kwanza la masika lilijikusanya upande wa milimani. Asubuhi hiyo Daktari alipata ujumbe kutoka kwa Bi Karani: kofia ya paa lake, yaani bati la kileleni, imeinuka, na chini yake kuna utepe mrefu wa shaba nyekundu aliouweka marehemu mumewe. Je, Daktari angependa kuuondoa, aende nao kama sampuli?

Daktari angependa sana. Saa nne alikuwa juu ya kilele cha paa, amepanda kama paka, anainua kofia kipande kwa kipande. Chini ya kofia ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili, buibui. Ya tatu, akasikia kitu kikikwaruza ukutani, akageuka, akaona vichwa vya ngazi vinashuka.

"Shem! Ngazi!"

"Sawa, shem," akajibu shemeji, akaendelea kwenda nayo.

Daktari alitambaa hadi ukingoni, akachungulia. Palikuwa parefu. Uani, chini kabisa, Bi Karani alikuwa ameketi kwenye kiti, meza ndogo mbele yake, karatasi mbili zimekandamizwa kwa jiwe. Nyuma yake alisimama mdogo wake na futi shingoni. Kando yao alikuwa fundi bati mzee, amekunja mikono, anatazama vichwa vitupu vya ngazi na kusikitika.

"Mama, huu ni mchezo gani?"

"Si mchezo, mwanangu. Ni kusomewa maneno yako." Akasoma cheti cha ugonjwa, kisha cha uzima, kwa sauti ile ya mahakamani isiyo na hasira wala huruma. Milango ya mtaa ikaanza kufunguka. Watu wa nyumba saba wakatoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kutazama wingu.

"Ungeniachia mfereji wangu," akasema Bi Karani, "sasa hivi ungeushika ukashuka nao."

"Usingenibeba, mama. Alumini inapinda."

Fundi bati alitikisa kichwa kukubali. "Hilo kasema kweli."

Ngurumo ikapita mbali. Daktari aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu apande akaogopa, tena si kwa ajili ya urefu wa ukuta. Akilini alimwona mkewe anafunga masufuria kwenye shuka. "Mama, nakuomba," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya daktari. "Mvua ikinyesha nikiwa hapa, mke wangu anaondoka. Niteremsheni, kisha mnifanye mnavyotaka."

"Ufunguo kwanza."

Ufunguo ukaanguka uani. Bila kuombwa mara mbili, pesa ya fundi cherehani nayo ikashuka, imefungwa kwenye leso.

"Mdogo wangu alilipa, mifereji ibaki kwake," akaamua Bi Karani. "Kwa pesa hii fundi ataninunulia mipya. Mvua ya leo nitakinga kwa beseni. Tamaa yangu nayo ina adhabu yake."

Mkokoteni ukaenda na kurudi mara saba. Mtaa mzima ukaona mifereji ya mtaa mzima, na hapo siri ya kila mtu ikawa ya wote. Kwanza kulikuwa na aibu, kisha mwenye nyumba ya tano akaangua kicheko, wengine wakafuata, na kila aliyesema rangi akadai mifereji yake. Chini ya macho ya fundi bati ikaanza kurudi mahali pake. Ni mzigo mmoja tu uliobaki kwenye mkokoteni.

"Hii ni ya nani?" akauliza Bi Karani.

Watu wote wakamtazama Meneja Mstaafu. Alikuwa amesimama kando, tai imekazwa, uso umegeuzwa pembeni.

"Mbona mnanitazama? Mimi sikutapeliwa. Yangu nilipeleka kupakwa rangi."

"Kwa hiyo hii si yako?"

"Si yangu."

"Meneja, wingu hilo. Hii si yako kweli?"

Meneja alitazama wingu, akatazama majirani. "Nimeshasema."

"Imeandikwa," akasema Bi Karani, akamgeukia shemeji. "Baba, bidhaa haina mwenyewe. Wewe unajua nyumba isiyo na mfereji?"

Shemeji alishika mkokoteni na kuondoka karibu mbio, na kijana wa fundi bati nyuma yake. Daktari alimwona kutoka juu, lakini hakuelewa anakwenda wapi, akadhani ndiyo anakwenda kubeba mizigo ya dada yake. Akalia kidogo, huko huko juu ya bati.

Alikaa pale hadi saa tisa, akihamahama kwa sababu ya joto la bati, akitazama nyumba sita zikipona. Matone ya kwanza yalipoanguka, Bi Karani alifunga karatasi mpya kwenye ncha ya fito ndefu na kumpandishia. Ilikuwa ile orodha yake ya magonjwa sita, imenakiliwa kwa mwandiko safi, ila mbele ya kila ugonjwa palikuwa na kazi. Panapobonyea, atanyoosha. Viungio vikiachia, ataziba. Majani yakijaa, atayazoa. Msumari wa chuma atautoa, rangi ikipauka atapaka, na mfereji ukilia sana atakuja kuulegeza, katika kila nyumba ya mtaa huu, misimu miwili bila malipo, chini ya uangalizi wa fundi bati.

"Mama, nyumba saba!"

"Na yangu nane. Wewe si daktari? Mhuri unao mfukoni."

Mvua ikamgonga utosini. Daktari aliandika jina lake, akapumulia mhuri, akagonga.

Ngazi ikaletwa. Hakushuka, aliporomoka, akakimbia. Mvua kubwa ilimkuta kwenye mashine ya kusaga ikamlowesha, ikamfuata mpaka kona ya kwao. Alijua akigeuka kona ataona mlango umefungwa na ubao unaelea. Alisimama pale mvuani, koti limemshika mwilini, akasema kwa sauti maneno aliyopaswa kumwambia mkewe mwaka juzi. Kisha akageuka.

Kizingiti kilikuwa kikavu. Pembeni ya ukuta maji yalikuwa yanaporomoka ndani ya pipa, na mfereji umezunguka paa lote ukiwa na mibonyeo yake miwili ya mbele, ile ya siku ya kwanza kabisa. Mlangoni alisimama mkewe amevaa gauni jipya. Nyuma yake shemeji alikuwa anakula.

"Mbona unalia?" akauliza mkewe.

"Ni mvua."

"Haya, ingia. Viatu viache nje." Alipopita, mkewe alinyoosha kidole juu, penye kona, ambapo tone moja lilikuwa linaanguka mbele ya mlango, likifuatwa na lingine. "Pale panavuja."

"Unajua, mke wangu, alumini kwenye viungio—"

Mkewe alimtazama. Daktari akanyamaza, na nadhani hiyo ndiyo siku ulimi ule ulipopumzika.

Asubuhi yake kulikuwa kumekauka. Alileta ngazi na dawa ya kuzibia, akasimama chini ya kona, akatazama vichwa vya ngazi, akatazama mfereji.

"Mama watoto, nipatie tambara."

Mkewe alitoka na lile koti jeupe, bado bichi. Alilishika pande mbili, akalichana katikati, akampa nusu moja na nyingine. Daktari akaviringisha kichwa cha kulia, akaviringisha cha kushoto, akafunga kwa kamba na kuegemeza ngazi polepole. Mfereji haukubonyea. Alipanda hatua mbili, kisha akasita, akatazama chini.

"Shem, usiende nayo."

"Sawa, shem," akasema shemeji, akaishika kwa mikono miwili.